Lenzi Ndefu kwa Bei Unayoimudu: Tafuta Utulivu na Mwanga Kabla ya Milimita

Kamera nyingi za kuanzia huuzwa pamoja na lenzi ya milimita 18 hadi 55. Lenzi hiyo inatosha sebuleni, mtaani na hata harusini ukipewa nafasi ya mbele. Lakini ukikaa nyuma ya goli, au ukiwa ndani ya gari mbugani na simba amelala ng'ambo ya korongo, picha inatoka na nyasi nyingi na mnyama mmoja mdogo katikati. Hapo ndipo mwenye kamera anapoanza kuulizia lenzi ndefu, na hapo ndipo bei za lenzi zilizotengenezwa na kampuni ya kamera yake zinapomkatisha tamaa.

Hakuna sababu ya kukata tamaa. Tamron, iliyoanzishwa mwaka 1950, na Sigma, iliyoanzishwa 1961, zote za Japani, zinatengeneza lenzi zinazoingia kwenye kamera za kampuni nyingine, na kazi yao si ya kubabaisha. Mwishoni mwa 2013 Tamron ilitangaza zumu ya milimita 150 hadi 600 kwa dola 1,069 za Marekani. Mwaka uliofuata Canon ikatoa zumu yake mpya ya 100 hadi 400 kwa dola 2,199. Watu wengi ambao wasingefika milimita 600 maisha yao yote walifika kwa sababu ya Tamron ile, na picha zao za tai na duma hazikuhitaji kuombewa radhi.

Tatizo liko kwingine. Mnunuzi anaingia dukani akiwa na swali moja tu kichwani: inafika milimita ngapi? Muuzaji anamjibu swali hilo hilo, anamtolea ya bei ya chini yenye namba kubwa, na wiki mbili baadaye lenzi iko kabatini kwa sababu kila picha inatoka na ukungu. Nataka nikuombe ubadilishe mpangilio wa maswali. Uliza kwanza kama lenzi inatulia mkononi, kisha inaingiza mwanga kiasi gani, kisha kama inaelewana na kamera yako. Milimita zije mwisho, tena baada ya kupiga hesabu ndogo.

Pima umbali kabla ya kwenda dukani

Hesabu yenyewe ni hii: chukua umbali kutoka ulipo hadi kwa unayempiga, zidisha kwa upana wa sensa ya kamera yako, kisha gawanya kwa milimita za lenzi. Jibu ni upana wa eneo litakaloingia kwenye picha. Kamera nyingi za bei ya kawaida zina sensa ya APS-C yenye upana wa karibu milimita 24, ya Canon ikipungua kidogo. Kamera za fulufremu zina milimita 36.

Tuijaribu. Simba yuko mita 30 kutoka kwenye gari. Mara 24, gawa kwa 300, unapata mita 2.4. Simba aliyesimama ubavu anajaza picha yako karibu yote, na lenzi ya 300 imekutosha kabisa. Akiwa mita 60 anachukua nusu ya picha, na bado ni picha nzuri yenye mazingira yake.

Mpira je? Eneo la penalti lina kina cha mita 16.5. Ukikaa nyuma ya goli na lenzi ya 200, mchezaji aliye ukingoni mwa eneo hilo yuko ndani ya upana wa mita 2. Simamisha kamera wima, anaingia mzima kuanzia utosi hadi viatu. Kwa hiyo anayepiga mechi za ligi ya wilaya hahitaji 600, anahitaji 200 au 300 iliyo nyepesi kufuata mpira. Kanisani au ukumbini, kutoka kiti cha nyuma hadi madhabahuni au jukwaani mara nyingi ni mita 15 au 20. Milimita 200 zinatosha, kinachokosekana huko ni mwanga.

Anayehitaji urefu kwa kweli ni mpiga picha za ndege. Chozi anayefyonza maua ya mwaloe ni mdogo kuliko kiganja chako. Akiwa mita 10, lenzi ya 300 inakupa eneo la sentimita 80, na yeye ni doa ndani yake. Ya 600 inakupa sentimita 40, na hapo rangi za shingo yake zinaanza kuonekana. Kama ndege ndio mapenzi yako, weka akiba mpaka ufikie daraja hilo. Kama si ndege, usilipie wala usibebe uzito usio wako.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa mbugani wanalijua vizuri. Kuanzia saa nne asubuhi ardhi inapopata joto, hewa iliyo kati yako na mnyama inachezacheza. Picha ya swala aliye mita 200 itatoka laini hata kwa lenzi ya mamilioni. Kinachotibu hali hiyo ni kuondoka kambini alfajiri na kusubiri mnyama asogee karibu. Milimita za ziada zinakuza hewa hiyo pamoja na mnyama.

Jifunze kusoma jina la lenzi

Jina lililoandikwa kwenye lenzi linaeleza karibu kila kitu, ukijua kulisoma. Chukua Tamron moja iliyotoka 2010 ambayo bado inazunguka sana sokoni: SP 70-300mm F/4-5.6 Di VC USD. SP ni daraja la juu la Tamron. F/4-5.6 ina maana kwamba kwenye milimita 70 lenzi inafunguka hadi f/4, na ukiivuta hadi 300 inabaki na f/5.6, yaani nusu ya mwanga ule. Di inasema lenzi inafaa kamera ya fulufremu na ya APS-C pia. VC ni kituliza mtikisiko. USD ni mota ya fokasi ya kisasa, ya haraka na isiyopiga kelele.

Sasa iweke pembeni ya ndugu yake wa bei ya chini kabisa: AF 70-300mm F/4-5.6 Di LD Macro 1:2. Milimita ni zile zile, namba za f ni zile zile, na mnunuzi asiyesoma ataona ni kitu kimoja kwa nusu bei. Lakini VC haipo na USD haipo. Ya kwanza ina uzito wa gramu 765, ya pili gramu 458, na sehemu ya tofauti hiyo ni mitambo ambayo hukuinunua. Ya pili ina sifa yake: inapiga maua na wadudu kwa karibu sana. Kwa mnyama anayetembea jioni, haikusaidii.

Kwa Sigma, kituliza mtikisiko kinaandikwa OS na mota ya haraka HSM. Herufi DG zina maana lenzi inafaa fulufremu, na DC ni ya sensa ndogo tu. Lenzi za kamera za kisasa zisizo na kioo cha ndani zinaandikwa DN kwa Sigma na Di III kwa Tamron. Di II ya Tamron ni ya sensa ndogo. Ukiweka DC au Di II kwenye fulufremu utapata pembe nyeusi, au kamera itaikata picha yenyewe.

Utulivu

Kanuni ya zamani inasema kasi ya shata isipungue moja chini ya milimita za lenzi, na kwa sensa ndogo uongeze mara moja na nusu. Kwa hiyo kwenye milimita 300 unahitaji 1/500 ya sekunde kama unashika kwa mkono. Saa sita mchana Dodoma hilo si tatizo. Saa kumi na mbili jioni, wakati wanyama wanaamka na mwanga umekuwa wa dhahabu, 1/500 kwenye f/5.6 inaipeleka ISO mahali ambapo kamera ya kuanzia inatoa picha yenye chembechembe.

Kituliza mtikisiko kizuri kinakuruhusu kushuka hadi 1/125 au hata 1/60, na mnyama aliyetulia akatoka mkali hadi sharubu. Ndiyo maana nasema, kwa zumu ya bei ya kawaida, hiki ndicho kitu cha kwanza kulipia. Kumbuka tu kwamba kinatuliza mkono wako, hakimtulizi mnyama. Swala anayeruka au winga anayekimbia bado anataka 1/1000, na hapo hakuna herufi yoyote itakayokusaidia isipokuwa mwanga.

Ukiwa ndani ya gari, mwombe dereva azime injini. Weka mfuko wa maharage au mchele kwenye ukingo wa dirisha, ulaze lenzi juu yake. Mfuko huo unashonwa na fundi cherehani yeyote na unafanya kazi kuliko traipodi, ambayo ndani ya gari haina pa kusimama. Ukiwa na traipodi ardhini na lenzi yako ni ya miaka ya nyuma, zima kituliza mtikisiko, kwani baadhi yao hutikisa picha pale ambapo hakuna cha kutuliza.

Mwanga

Kutoka f/5.6 hadi f/2.8 mwanga unaongezeka mara nne. Pale ambapo zumu ya kawaida inalazimisha ISO 3200, zumu ya 70-200 yenye f/2.8 inatosheka na ISO 800. Tofauti hiyo utaiona kwenye uso wa bibi harusi ndani ya ukumbi wenye taa za rangi, na kwenye mechi ya saa kumi na moja na nusu.

Kama kazi yako inayokuingizia fedha ni harusi, mahafali na matamasha, usinunue 70-300 kabisa. Tafuta 70-200 f/2.8 ya Sigma yenye OS au ya Tamron yenye VC, iliyotumika. Ya Tamron ya kizazi cha pili, inayoandikwa G2, ilitoka 2017 na ina uzito wa kilo moja na nusu. Ni fedha nyingi kuliko 70-300 mpya, lakini ni lenzi utakayofanyia kazi miaka kumi. Kama unapiga wanyama na michezo ya mchana, f/5.6 inakutosha, na huna sababu ya kulipia na kubeba kioo kizito.

Je, itaelewana na kamera yako?

Lenzi ya Nikon haiingii Canon, hilo kila mtu analijua. Mitego iko ndani zaidi.

Mwenye Nikon ya mfululizo wa D3000 au D5000 ana kamera isiyo na mota ya fokasi ndani yake. Lenzi ya zamani isiyo na mota yake itaingia na kujifunga vizuri, lakini hutaona ikilenga, na utabaki ukizungusha pete kwa mkono huku swala akiondoka. Ile 70-300 ya bei ya chini niliyoitaja iliwahi kutoka kwa Nikon bila mota na baadaye ikatoka yenye mota, na kwa nje zinafanana. Dawa ni moja: ifunge kwenye kamera yako, bonyeza kitufe nusu, uone kama inalenga.

Mwenye Canon ya mfululizo wa R atakuta lenzi chache za Sigma na Tamron zinazoingia moja kwa moja. Canon iliruhusu lenzi zao zenye fokasi ya otomatiki mwaka 2024, zikianzia na zile za sensa ndogo. Njia ya bei nafuu kwake ni adapta ya Canon ya kutoka EF, yaani lenzi za kamera zake zenye kioo cha ndani, kwenda R, na juu yake lenzi ya EF iliyotumika, ambazo zimejaa sokoni kwa sababu wengi wanahama. Kabla ya kulipa, ijaribu kwenye kamera yako mwenyewe, maana baadhi ya lenzi zinahitaji programu yao ya ndani isasishwe kwanza.

Mwenye Sony ndiye mwenye neema. Tamron 70-300 Di III RXD ya mwaka 2020 ina gramu 545 tu na fokasi ya haraka. Angalia kwamba haina VC. Kama Sony yako ina kituliza ndani ya kamera, sawa. Kama haina, rudi kwenye hesabu ya 1/500. Lenzi hiyo ilitoka pia kwa Nikon Z mwaka 2022, na huko tahadhari ni ile ile.

Zipi za kutafuta

Kwa anayeanza na DSLR, yaani kamera yenye kioo cha ndani, na fedha kidogo, chaguo langu ni Tamron SP 70-300 VC USD iliyotumika. Kali hadi karibu 250, na kwenye 300 ukiifunga kidogo hadi f/8 inatoa picha ya kuchapisha.

Hatua ya pili ni 100-400. Sigma Contemporary na Tamron VC USD zote zilitoka 2017, zote zina uzito wa kilo moja na kidogo, zote zinatumia filta ya milimita 67. Hizi ndizo ningemshauri mtu wa mbugani anayetembea na kamera moja. Sigma haina pete ya kufungia traipodi, Tamron inakubali kufungwa pete inayouzwa kando.

Hatua ya tatu ni 150-600, kwa watu wa ndege. Sigma Contemporary ya 2015 na Tamron ya kwanza zote ziko karibu kilo mbili. Sigma Sport ni gramu 2,860, na baada ya nusu saa mkono utakuambia. Filta yake ya milimita 105 nayo ina bei ya peke yake.

Kupima iliyotumika

Lenzi iliyotumika isiyopimwa ni kamari. Nenda na kamera yako, kadi yenye nafasi na betri iliyojaa.

Washa tochi ya simu, imulike kutokea nyuma ya lenzi na utazame ndani kwa pembe. Vumbi kidogo halidhuru picha. Ukiona nyuzi nyeupe zimetandaa kutoka ukingoni, hiyo ni kuvu. Rudisha lenzi mezani na uage, hata ikipunguzwa bei. Tazama skrubu za bati la nyuma: zikiwa na mikwaruzo kwenye vichwa, imeshafunguliwa. Zungusha pete ya zumu taratibu na usikilize. Mkwaruzo wa mchanga ndani hauponi.

Kisha toka nje ya duka. Vuta lenzi hadi mwisho, fungua f yote, weka shata 1/1000 ili mkono wako usiingie kwenye kesi, na upige bango lenye maandishi lililo ng'ambo ya barabara. Kuza picha kwenye skrini ya kamera. Maandishi ya katikati yasomeke bila shaka. Pembe zitakuwa laini kidogo, hilo ni kawaida, lakini zote nne zilingane. Upande mmoja ukiwa laini kuliko mwingine, kioo cha ndani kimesogea, labda ilianguka.

Rudia picha ile ile mara tano, kila mara ukiipoteza fokasi kwanza. Tatu kali na mbili za ukungu maana yake mota imechoka au fokasi inakwenda mbele au nyuma ya unachokilenga. Kwenye DSLR, linganisha picha uliyolenga kupitia dirisha la jicho na ile uliyolenga kwa skrini. Ya skrini ikiwa kali kuliko ya jicho, fokasi inahitaji kurekebishwa. Kwa lenzi mpya kidogo marekebisho yanawezekana kwa kifaa cha Sigma kiitwacho USB Dock au cha Tamron kiitwacho TAP-in Console, kila kimoja kwa lenzi zinazokikubali tu.

Mwisho shusha shata hadi 1/60, washa kituliza mtikisiko, bonyeza nusu. Utasikia mlio mdogo na picha kwenye dirisha itatulia ghafla. Ikirukaruka au isipotulia, utalipia herufi tupu.

Ikikufikia, itunze

Anayeishi Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja ana adui anayeitwa unyevu. Usiihifadhi lenzi kwenye mfuko wa ngozi kabatini. Iweke kwenye boksi la plastiki linalofunga vizuri pamoja na pakiti za silika, na uitoe mara kwa mara uianike kwenye jua la asubuhi kwa dakika chache, kwa kuwa kuvu hupenda giza na hewa iliyosimama. Wa bara adui yake ni vumbi. Usibadilishe lenzi gari likiwa linakwenda. Funga madirisha, subiri vumbi litue, inamisha mdomo wa kamera chini, ndipo ubadilishe.

Bei ya lenzi ya kampuni nyingine imepunguzwa kwa kuacha vitu fulani, na si dhambi. Kazi yako ni kujua kimeachwa nini. Ikiwa kilichoachwa ni milimita 100 za mwisho au gamba la chuma, nunua kwa amani. Ikiwa ni utulivu, mota au maelewano na kamera yako, hiyo ndiyo rahisi inayogeuka ghali. Na muuzaji anayekukataza kuijaribu nje ya duka amekupa jibu tayari: funga begi lako, nenda duka la pili.